Mkate wa Kifaransa wa kweli hapa Mbeya unapatikana wapi? Nataka wa ganda, siyo skonzi ndefu

#1 MamaTuli_Sisimba
Habari zenu wakuu. Nimezunguka mji mzima nimekosa jibu, naomba mnisaidie. Nilikaa Grenoble, Ufaransa, miaka minne nikisoma. Mji umezungukwa na milima, ukiamka asubuhi unaweza kudhani Loleza hiyo hapo nyuma ya nyumba. Kitu nilichokizoea kule kuliko vyote ni mkate. Kila jioni nikitoka darasani napanga foleni kwenye bekari ya mtaani, nachukua bageti, ule mkate wao mrefu mwembamba, bado ya moto imeviringishiwa kikaratasi katikati tu, na kabla sijafika nyumbani kile kichwa chake nimeshakikata nimekila, na wala hakuna anayekushangaa maana nusu ya watu njiani wanafanya hivyohivyo.

Nimerudi nyumbani mwaka wa pili sasa. Mwanjelwa nimetafuta, Kabwe nimetafuta, Uhindini nimeingia duka moja moja. Yapo mabekari yanauza mkate mrefu wanauita wa Kifaransa, umechanjwa juu vizuri, ukiuona kwa macho unafurahi. Ukiushika umekwisha. Umebonyea kama sponji, ganda laini kama la andazi, na ukiuma unakutana na sukari. Wa kweli ukiubonyeza unasikia krak, na ukiukata makombo yanaruka mpaka chini ya meza.

Swali langu: tatizo ni unga, ni oveni, ni hali ya hewa yetu, au ni sisi walaji? Na kama kuna mtu anaoka wa kweli kuanzia Songwe mpaka Iringa aniambie, nafuata hata kwa basi.

#2 Kajunge
Nimekaa hapa na chai yangu nasubiri majibu.

#3 Mnyalu_Gangilonga
Kamwene. Iringa kidogo tuna nafuu dada, maana Wamisionari wa Consolata wametoka Italia na wapo huku miaka mingi. Nilipokuwa mdogo kuna sista alikuwa anaoka mkate wa duara wenye ganda gumu, tunaula na maziwa. Lakini huo wa Kiitaliano, siyo wa kwako. Ganda alikuwa analipata lakini, kwa tanuri la matofali na kuni, kwa hiyo hali ya hewa toa kwenye orodha.

#4 Mpishi_Mwanjelwa
Nimefanya kazi bekari miaka 11, ngoja niseme ukweli. Tatizo ni wateja. Gunia la kilo 50 tulikuwa tunatia sukari kilo 5, mafuta kilo 2, na dawa ya kulainisha juu yake. Bosi wetu mmoja alishawahi kujaribu kuoka bila sukari wiki nzima, mikate ikarudi mingi kuliko iliyouzwa, mama wa genge ananiambia "mwanangu huu mkate mmeuokaje, mgumu halafu hauna ladha". Mkate wa dukani hapa lazima ukae siku tatu ukiwa laini. Bageti ikioka asubuhi, jioni ni fimbo. Nani abebe hiyo hasara?

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: tunafunga kwenye nailoni mkate bado una joto ili gari la asubuhi liwahi. Hata ukioka na ganda zuri kuliko la Paris, humo ndani linatoka jasho, nusu saa limekufa.

#5 MamaTuli_Sisimba
Asante Mpishi, hiyo ya nailoni sikuiwaza kabisa. Kule ni karatasi tu, na mkate unatokeza nje upumue. Kuhusu jioni kuwa fimbo ni kweli, ndo maana wenyewe wananunua kila siku, wengine mara mbili kwa siku.

#6 Mwalimu_Fizikia
Niingie upande wangu. #3 hapana, hali ya hewa haitoki kwenye orodha. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndo sababu maharage yetu yanamaliza mkaa kuliko ya Dar. Sasa ndani ya mkate joto haliwezi kupita pale maji yanapochemka mpaka maji yaishe, kwa hiyo mkate wetu unaiva kwa joto dogo zaidi. La pili, hewa huku ni nyepesi, mapovu ya hamira yanatanuka haraka, donge linaumuka upesi kabla halijapata ladha, ukizubaa linaanguka. La tatu, maji yanapotea haraka, unga wetu wenyewe mkavu. Mtu akichukua vipimo vya Ufaransa akavifuata hivyohivyo hapa Mbeya, mkate utamkataa.

#7 MamaTuli_Sisimba
Mwalimu shikamoo. Nakubali maharage. Lakini nilishawahi kwenda Briançon, huo mji uko zaidi ya mita 1,300, na bageti yake ilikuwa kali kuliko ya Grenoble. Na juu zaidi kuna kijiji cha Saint-Véran, kama mita 2,000, kinakaribia Njombe, na wanakijiji walikuwa na matanuri yao ya pamoja tangu zamani. Mbona wao mkate haukuwakataa?

#8 Mwalimu_Fizikia
Marahaba. Haukuwakataa kwa sababu wamezaliwa nao huko, wanajua kupunguza hamira na kuongeza maji bila hata kuandika popote. Sisi tunasoma vipimo kwenye paketi. Sijasema haiwezekani, nimesema mlima una masharti yake.

#9 Dereva_Kasumbalesa
Dada unateseka bure, panda Tunduma uvuke! Mi napiga ruti ya Lubumbashi mwaka wa nane huu. Ukifika Kasumbalesa tu, mpakani mwa Zambia na Kongo, wamama wanapita na mabeseni kichwani, mkate mrefu, wa moto, ganda linakwaruza mdomo. Lubumbashi ndo usiseme, asubuhi saa kumi na mbili kila kona. Nikirudi nyumbani wanangu wanauliza mkate kabla hawajauliza baba umefikaje. Tatizo ukifika Mbeya una siku tatu nne, umekuwa mti, tunauchovya kwenye chai ndo unalika. Na kule Lubumbashi wapo kama mita 1,200, Mwalimu uiangalie na hiyo. Mfaransa alipopita aliacha mkate.

#10 Zamani_Ni_Leo
#9 kaka sahihisho kidogo, Kongo hiyo ilitawaliwa na Ubelgiji. Kwanza ilikuwa mali ya mfalme Leopold kuanzia 1885, halafu dola ya Ubelgiji ikaichukua 1908 mpaka uhuru 1960. Lugha ndo Kifaransa. Ukitaka Wafaransa wenyewe kwenye ardhi yetu, tafuta mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo 1868. Kwa hiyo Mfaransa alipita na hapa, labda mkate wake haukupanda milima.

#11 Dereva_Kasumbalesa
Mbelgiji, Mfaransa, mkate ni uleule mkuu. Nimekusoma lakini.

#12 Kajunge
Nilisikia bageti ilianzishwa na Napoleon, askari wake walikuwa wanaichomeka kwenye suruali ndo maana ndefu. Ni kweli?

#13 Zamani_Ni_Leo
Hiyo hadithi inazunguka sana ila haina ushahidi. Kuna nyingine inasema ni vibarua wa reli ya chini ya ardhi Paris, walikuwa wanachomana visu ikabidi utafutwe mkate wa kumega kwa mkono. Nayo tamu, nayo haina ushahidi. Wengine wanamtaja August Zang kutoka Austria aliyefungua bekari ya Kivienna Paris miaka ya mwisho ya 1830, akaja na oveni ya mvuke. Na wengine wanasema sheria ya 1919 iliyowazuia waokaji kufanya kazi kabla ya saa kumi alfajiri ndo iliwalazimisha watafute mkate mwembamba unaoiva haraka. Mikate mirefu ilikuwepo kabla ya hapo, hilo jina bageti, maana yake kijiti au fimbo, ndo limeshika karne ya 20.

#14 Fundi_Iyunga
Hapo kwenye oveni ya mvuke Zamani umegusa penyewe. Mi natengeneza na kukarabati oveni, za kuni, za dizeli na za umeme, na nasema milima siyo tatizo wala sukari siyo tatizo. Ni MVUKE. Donge likiingia kwenye nyuzi 240 kukiwa kukavu, ngozi ya juu inakauka dakika ya pili, mkate unakosa pa kukulia, unapasuka ubavuni na ganda linakuwa nene kama soli. Ukiwa na mvuke dakika kumi za mwanzo ngozi inabaki mbichi inavutika, mkate unapanda mpaka pale ulipochanjwa panafunguka kama mdomo, na wanga wa juu unaiva na unyevu ule unakuwa kama uji mwepesi. Mvuke ukiutoa, ule uji unakauka unang'aa. Hilo ndo ganda lenyewe, hakuna siri nyingine.

Oveni nyingi ninazofungua huku bomba la mvuke ama halipo ama lilikufa zamani na hakuna aliyelikumbuka. Na majiko ya gesi ya nyumbani yana matundu nyuma ya kutolea hewa, bila hayo moto unazima, kwa hiyo mvuke wote unaondoka nao.

#15 Njombe_Baridi
Fundi hapo kwa mvuke niongeze onyo. Nilisoma mahali kwamba weka trei ya moto chini halafu mwagia maji. Nikamwagia kwa kikombe, maji yakaruka yakagusa kioo cha mlango, kioo chote kikashuka chini vipande. Mke wangu hakusema neno, alichukua ufagio tu. Kama mtu anajaribu aweke taulo juu ya kioo kwanza na atumie maji ya moto.

#16 Fundi_Iyunga
Pole sana. Taulo sawa ila ulitoe kabla hujafunga mlango!

#17 Ngano_Makete
Mnazunguka, unga hamuutaji. Mimi ni mkulima. Ngano inayosagwa viwandani hapa nchini nyingi inatoka nje, na ile ya unga wa bekari ni ngano ngumu, inavutika sana, imekusudiwa mkate wa kopo unaofura. Bageti haitaki unga wenye nguvu hivyo. Wafaransa wana namba zao, T55 na T65, na hiyo namba siyo nguvu kama wengi wanavyodhani, inatokana na majivu yanayobaki unga ukichomwa, yaani pumba zimebaki kiasi gani. T65 ina pumba zaidi kidogo kuliko unga wetu mweupe pee, na humo ndo kuna harufu ya ngano. Sasa chukua ngano yetu ya Makete, sagisha mashine ya kijijini, pitisha chekeche laini mara mbili, utapata unga una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukikanda chumba kizima kinanukia shamba.

#18 Mpishi_Mwanjelwa
#17 mkuu unga wa mashine ya kijijini nimeshaujaribu, haupandi. Mzito. Mimi nasema kinyume, unga wa nyumbani huu wa chapati ndo dhaifu, changanya nusu kwa nusu na wa bekari.

#19 Ngano_Makete
Ulikanda na maji kiasi gani? Unga wenye pumba unakunywa maji. Na uliuacha upumzike? Maana nyie wa bekari ndani ya saa mbili tu mkate uko garini.

#20 Njombe_Baridi
Jamani na hivi virutubisho wanavyotia kwenye unga, si ndo vinaharibu mkate? Madini ya chuma kwenye hamira si sumu hiyo.

#21 Lishe_Mbozi
Hapana ndugu, tusisambaze hilo. Unga wa ngano wa viwandani Tanzania unaongezwa chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, na agizo lipo tangu 2011. Ni kiasi kidogo sana kwenye kilo nzima, hamira haina habari nazo. Foliki asidi inasaidia kukinga watoto wasizaliwe na mgongo wazi. Mkate ukigoma tafuta sababu nyingine. Na wale wa mashine ya kijijini mjue unga huo haujaongezwa, kwa mama mjamzito dawa zake za kliniki asiache.

#22 MamaTuli_Sisimba
Asante Lishe. Na kwa faida ya wote nieleze kitu hapa maana #18 na #19 mmegusa muda. Ufaransa kuna amri ya 1993 kuhusu mkate wanaouita wa asili ya Kifaransa: unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu. Dawa za kuboresha mkate marufuku, kugandisha kwenye friza marufuku hatua yoyote. Sasa ukishanyimwa dawa unabaki na muda tu. Yule mwokaji wa mtaani kwetu alikuwa anachanganya donge leo anaoka kesho, linalala kwenye ubaridi usiku kucha, na harufu ile yote inatoka kwenye kulala. Unga ukilala na hamira kidogo unajitengenezea uchachu wake, asubuhi ukifunua unanukia kama maziwa mgando na karanga. Ufundi huu wa bageti na maisha yanayouzunguka uliingizwa UNESCO 2022 kwenye urithi wa dunia usioshikika.

#23 Mwalimu_Fizikia
Basi Mama Tuli umejijibu, na mlima ndo utakusaidia. Juni na Julai ubaridi wa kulaza donge tunao bure, wenzetu wananunua mashine. Beseni lifunike liweke barazani. Ila hamira punguza sana.

#24 Mnyalu_Gangilonga
Barazani kwetu mbwa atamaliza saa nne.

#25 Binti_wa_Kyela
Ugonile. Mimi nimewasoma wote na nashangaa hakuna aliyetaja CHUNGU. Bibi yangu mkate wa sikukuu alioka kwa moto wa juu na chini, sufuria zito, bati juu, mkaa juu ya bati. Fundi anasema mvuke, sasa kwenye chombo kilichofunikwa huo mvuke si unatoka kwenye donge lenyewe? Halina pa kwenda. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, wanaviuza Lyulilo pale karibu na Matema siku ya Jumamosi, ni vyembamba lakini moto vinatunza ajabu. Chukua kimoja cha kuoka, kingine kifunike. Ila ukipashe moto taratibu tangu jiko likiwa baridi, ukikiwahisha kinapasuka na sauti utaisikia mpaka kwa jirani.

#26 Fundi_Iyunga
Binti wa Kyela nimevua kofia. Hiyo ni oveni ndani ya oveni.

#27 Dereva_Kasumbalesa
Na huo mkate ukiupata, upake parachichi la Rungwe na chumvi. Msiulize zaidi.

#28 Kajunge
Parachichi na mkate mgumu wa moto, hapo hata mimi wa slesi nahama.

#29 MamaTuli_Sisimba
Wakuu, wiki mbili zimepita, nimerudi na majibu. Chungu nilikipata kwa Binti wa Kyela, Mungu ambariki. Unga nusu kilo, robo tatu wa dukani wa nyumbani na robo wa Makete niliouchekecha mara mbili. Maji gramu 340, chumvi gramu 10, hamira gramu moja tu, nilipima kwa mzani wa dhahabu wa mjomba. Nikakoroga bila kukanda sana, nikalikunja mara tatu kila baada ya nusu saa, nikalaza barazani saa 14. Asubuhi beseni lilikuwa la baridi mkononi kama mtungi wa maji, na donge limejaa mapovu, ukitikisa linacheza.

Bageti haikutoka maana chungu ni cha duara, nikafinyanga mviringo. Nikauchanja kwa wembe, nikafunika, dakika 25, nikafunua, dakika 15 tena. Nilipoutoa nikauweka kwenye waya, nikageuka kuosha mikono, nikasikia tik, tik tik, tik. Ganda linapasuka lenyewe kwa kupoa! Nilikuwa sijaisikia hiyo sauti tangu Grenoble, nikamwita mama aje asikilize, tumeinama wawili juu ya mkate kama tunasikiliza redio.

Ganda ni lenyewe. Kabisa. Ndani bado, matundu madogo na pazito kidogo, na ladha ina uchachu kuzidi ule wa kule. Mama amekula vipande vitatu kasema ni mtamu ila mwakani meno yatakuwa yamemwisha.

#30 Mwalimu_Fizikia
Hongera sana. Mnaona, gramu moja ya hamira. Mlima umeheshimiwa.

#31 Fundi_Iyunga
Mwalimu acha, ni mvuke wa chungu huo. Hamira hata ingekuwa tatu ganda lingekuja.

#32 Ngano_Makete
Robo tu ya Makete mmeona kazi yake. Weka nusu.

#33 Mpishi_Mwanjelwa
Uzito wa ndani ndo hiyo robo ya Makete mkuu. Toa kabisa uone. Dada naomba hivyo vipimo nijaribu kumi tu, niwapelekee wale wa hoteli pale juu, kwa mifuko ya karatasi. Za dukani bado naogopa.

#34 MamaTuli_Sisimba
Mpishi chukua, na kesho nakuletea donge langu la jana uanzie nalo. Binti wa Kyela, Jumamosi unashuka?

#35 Binti_wa_Kyela
Nashuka. Nitamwuliza mama mmoja pale Lyulilo kama anaweza kufinyanga kirefu, maana vya namna hiyo sijawahi kuona sokoni. Nimwambie urefu gani?

#36 MamaTuli_Sisimba
Bageti yenyewe ni kama sentimita 65 lakini oveni yangu haiingizi hiyo. Mwambie 40, na mfuniko wake. Nalipa kabla hajaanza.